Mbabe na Mnyonge Ndani ya Tangi Moja

Ukitaka kujua hali ya tangi la samaki, usianze na yule anayeng'aa katikati. Tazama kona ya juu, nyuma ya hita au nyuma ya bomba la chujio. Ukimkuta samaki amejibanza pale, mapezi ameyakunja, rangi imepauka na macho hayabanduki kwa wenzake, ujue tangi hilo lina mbabe. Mwenye nyumba hudhani samaki wake anaumwa. Anakwenda dukani, ananunua dawa, anaimimina majini, na baada ya siku chache samaki anakufa. Haupiti muda, mwingine anaonekana amejibanza kwenye kona ileile.

Yule wa kwanza hakuwa mgonjwa. Alishindwa ugomvi na hakuwa na pa kukimbilia. Ziwani, anayeshindwa hutimka mita mbili tatu, akapita nyuma ya jiwe, na mambo yakaishia hapo. Mshindi hana sababu ya kumfuata, maana alichokuwa akikigombea ni mwamba wake, si roho ya mwenzake. Ndani ya kioo chenye urefu wa sentimita 90, mita mbili hizo hazipo. Aliyeshindwa anabaki machoni pa mshindi asubuhi, mchana na jioni, na kila akionekana anahesabiwa kuwa amerudi kudai. Hapo ndipo samaki wanapouana. Kipigo ambacho ziwani kingekwisha kwa sekunde chache, sebuleni kinaendelea kwa wiki nzima.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba amenunua samaki mkorofi, au kwamba samaki wake ni mwoga mno hatoki mafichoni, swali langu la kwanza haliwi kuhusu samaki. Nauliza tangi lina urefu gani, mawe yamepangwaje, taa inawaka saa ngapi, wamo wangapi, na nani aliingia kwanza. Ukali na woga huzaliwa na mahali. Zipo aina zilizoumbwa na hasira kuliko nyingine, hilo halina ubishi, lakini samaki yuleyule anayeonekana jambazi katika tangi moja huweza kuwa jirani mwema katika tangi jingine.

Jambo hili linatuhusu Waafrika Mashariki kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa baadhi ya wagomvi mashuhuri wa matangi ya dunia wametoka kwetu. Ni siklidi, ukoo wa sato na perege tunaowakaanga, wa furu wa Ziwa Victoria na wa kuhe, yule mkubwa wanayemjua wakazi wa Kigoma. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na lina zaidi ya aina 200 za siklidi ambazo karibu zote hazipatikani kwingine. Ziwa Nyasa lina mamia mengine, wakiwemo mbuna, samaki wa mwambani wenye rangi za buluu na manjano ambao mgeni hudhani wametoka baharini. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Bujumbura katika miaka ya 1970, na kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu samaki wa ziwa hilo kilisomwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Leo mfugaji wa Ujerumani au Japani anaweza kukueleza tofauti ya samaki wa Kigoma na wa Kipili, wakati wengi wetu tunawajua wale wa kwenye sahani tu. Nalitaja hili kwa kuwa tabia za samaki hawa zinaeleweka vizuri zaidi ukiyajua mawe ya ziwa lao.

Mchukue Tropheus moorii. Mwambao wa Tanganyika, kwenye maji ya kina kifupi ambako jua linafika, mawe yamefunikwa na mwani. Mwani huo ndio chakula chake: anaukwangua siku nzima, na utumbo wake ni mrefu kwa ajili ya kuumeng'enya. Kwake yeye jiwe lenye mwani ni shamba. Dume ana shamba lake, jike naye ana lake, na kila mmoja humfukuza anayekuja kulisha pale. Samaki huyu haoni sababu ya kuvuka sehemu pana ya mchanga au maji yenye kina, kwa hiyo makundi yametengana vizazi na vizazi, na ndiyo maana rangi zake hubadilika kutoka ghuba moja hadi nyingine. Samaki wa namna hiyo ukimweka na wenzake wanne kwenye kisanduku cha kioo, ataona shamba moja na wezi wanne.

Hata hivyo, aliyewafundisha wanasayansi mengi zaidi kuhusu ubabe ni ndugu yake asiye maarufu, Astatotilapia burtoni, anayeishi kwenye maji ya kina kifupi ya kingo za Tanganyika na mito inayoingia humo. Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford alimchunguza kwa miongo kadhaa. Miongoni mwa madume, wachache ndio wenye himaya. Hao wanang'aa, wana mstari mweusi unaopita jichoni, wanafukuza madume na kuwabembeleza majike. Waliobaki wamepauka kama majike, wanaogelea nao kundi moja, na hata korodani zao ni ndogo. Sasa mtoe mbabe usiku taa zikiwa zimezimwa. Asubuhi, mmoja wa wale wanyonge anagundua kwamba kiti kiko wazi. Kwa dakika chache tu rangi inampanda, mstari wa jichoni unajitokeza, na anaanza kuwafukuza aliokuwa amejichanganya nao jana. Ndani ya ubongo wake seli zinazotawala uzazi nazo zinaanza kubadilika, na siku zinazofuata zinakua. Akija kupigwa na mkubwa kuliko yeye, safari inarudi nyuma: rangi inafifia na anarudi kundini.

Msomaji aliyewahi kumtoa mkorofi kwenye tangi lake na kushangaa mwingine akiinuka siku ileile, jibu lake liko hapo. Alimwondoa mfalme na kukiacha kiti. Maadamu tangi lina pango moja zuri, jiwe moja refu, na upande mmoja unaopata chakula kwanza, atatokea wa kukikalia kiti hicho.

Kuna jingine nililolisoma kuhusu samaki huyuhuyu ambalo limebadilisha namna ninavyotazama tangi. Mwaka 2007 Logan Grosenick, Tricia Clement na Fernald walichapisha katika jarida la Nature jaribio hili: dume mmoja aliwekwa mahali anapoweza kuwatazama madume wengine watano wakipigana wawiliwawili upande wa pili wa kioo. Wa kwanza alimshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, na kuendelea hadi wa tano. Baadaye mtazamaji alipewa nafasi ya kuchagua asogee karibu na nani kati ya wawili ambao hajawahi kuwaona wakipambana. Alimwendea yule dhaifu. Yaani alikuwa ameunganisha mwenyewe: fulani kampiga fulani, na huyo kampiga fulani, basi yule wa mwisho ndiye wa kuvamiwa. Ndiyo maana samaki aliyepigwa na mbabe mbele ya wote huanza kuchokozwa hata na wale wadogo ambao hawajawahi kumgusa. Tangi zima lilikuwa likitazama. Ukichelewa kumtoa, huokoi kitu.

Konrad Lorenz, Mwaustria aliyegawana Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alikuwa ameona jambo la kusikitisha zaidi kwa siklidi wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu ugomvi wa wanyama, aliandika kwamba jozi ya dume na jike ikiwekwa peke yake, bila jirani yeyote, dume humgeukia mkewe na huweza kumuua. Dawa aliyoipata ni kuweka jozi mbili katika tangi moja lililokatwa katikati kwa kioo. Madume wakawa wanapandishiana mapezi kupitia kioo kila siku, na majike wakapumua. Kioo kilipofunikwa na mwani hadi jirani akawa haonekani, dume alianza tena kumsumbua jike wake, na kikisafishwa amani ilirudi. Hasira ilikuwa inahitaji mahali pa kwenda, na mfugaji ndiye aliyeipa njia.

Nianze basi na mahali penyewe. Wauzaji hupenda kutuonyesha matangi ya kimo kirefu, yale ya umbo la nguzo, kwa kuwa yanapendeza kwenye kona ya sebule na hayali nafasi. Kwa siklidi wa mwambani hayafai. Himaya hupimwa sakafuni. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45, linalobeba takriban lita 240, ni mwanzo wa heshima kwa mbuna au Tropheus. Lita hizohizo zikisimamishwa wima haziwapi hata nusu ya amani hiyo.

Halafu mawe. Kosa linaloonekana karibu kila mahali ni rundo moja kubwa katikati. Rundo moja ni ikulu, na ikulu ina mwenyewe mmoja. Yapange mafungu mawili matatu yaliyoachana, yenye matundu ya kuingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili, kwa sababu pango lisilo na mlango wa nyuma ni mtego kwa anayekimbizwa. Zaidi ya yote, yapande kimo cha kutosha kuzuia macho. Samaki akisimama mwisho huu wa tangi asiweze kuona mwisho ule. Anachokiona ndicho anachodai, na usipomwonyesha tangi zima hatalidai zima. Mawe yakae juu ya sakafu ya kioo kabla ya kumwaga mchanga, maana siklidi huchimba, na jiwe lililosimamishwa juu ya mchanga siku moja litaporomoka na kupasua kioo au kumbana samaki.

Kwa samaki wa Tanganyika na Nyasa, sisi wa pwani tuna bahati ambayo mfugaji wa mbali huinunua. Maji ya maziwa hayo ni magumu na yana magadi: pH ya Tanganyika iko kati ya 8.6 na 9.2 hivi. Vipande vya chokaa na makombe yaliyopondwa, tunavyovipata kwetu, vikiwekwa ndani ya chujio huyasogeza maji kuelekea huko. Usivunje matumbawe hai baharini kwa ajili hiyo. Ni haramu kisheria na ni dhambi kwa bahari. Na usifanye hivyo kwa samaki wa Amazon kama tetra au skalari, ambao asili yao ni maji laini.

Idadi ndiyo inayowachanganya watu wengi, kwa kuwa inakwenda kinyume na fikra ya kawaida. Mbuna watatu hupigana vibaya kuliko mbuna ishirini. Wakiwa watatu, mbabe ana mtu mmoja wa kumwandama. Wakiwa ishirini na zaidi, akianza kumkimbiza huyu anakatiza mwingine mbele yake, akimgeukia huyo anapoteza wa kwanza, na himaya yenyewe inakuwa ngumu kuilinda. Kipigo kinagawanyika na hakuna anayebeba mzigo wote. Tropheus nao ni hivyohivyo: wafugaji wenye uzoefu huanza na kundi la kumi na tano au ishirini kwa mara moja, wakiwa wadogo, na hawapendi kuongeza mmojammoja baadaye. Majike wawe wengi kuliko madume, walau watatu kwa dume mmoja. Epuka pia kuweka pamoja aina mbili zinazofanana rangi. Dume wa Melanochromis auratus, mbuna mwenye milia na hasira ya kutisha, humwona mwenye milia mwenzake kuwa mpinzani hata kama si aina yake, huku akimpita bila kumjali Labidochromis caeruleus wa manjano, ambaye ni mpole na wa rangi tofauti.

Lakini siwezi kukubaliana na wanaotoa ushauri wa kujaza samaki bila kutaja upande wa pili. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, na bakteria hao huchukua wiki kadhaa kukomaa katika tangi jipya. Ukijaza samaki ishirini kwenye tangi lililoanzishwa jana, hutaona ugomvi kwa sababu hutaona samaki. Tangi lililojaa linahitaji chujio kubwa kuliko lile lililoandikwa kwenye boksi, na theluthi moja ya maji ibadilishwe kila wiki, maji mapya yakiwa yameondolewa klorini. Umeme nao ni jambo la kufikiria mapema. Unapokatika, pampu ya hewa inasimama, na katika tangi lenye samaki wengi hewa ya majini huanza kupungua ndani ya saa chache. Pampu ndogo ya betri ni ya lazima nyumbani kama ilivyo tochi. Asiyeweza kugharimia hayo ni bora achague samaki wapole wachache, na hakuna aibu yoyote katika uchaguzi huo.

Samaki mgeni anapoingia, wenyeji wako nyumbani na yeye hana hata tundu. Kabla ya kumwachia, zima taa na yahamishe mawe. Mipaka yote ikivurugika, kila mmoja anaanza upya kutafuta pa kukaa, na mgeni anakuwa mmoja wa wahamiaji wengi. Walishe wenyeji upande mmoja na mgeni umwachie upande wa pili. Ikiwezekana waingie wageni kadhaa kwa pamoja. Na kama bado unajenga jamii yako, watangulie wapole, wakali waje mwisho, wakiwa na umbo dogo kuliko wenyeji.

Isipokuwa Julidochromis. Hawa wa Tanganyika huishi jozi, wameoana kuzunguka ufa mmoja wa jiwe, na ukiyasogeza mawe yao ndoa huvunjika: wanaweza kugeukiana na kupigana hadi mmoja afe. Kwao mawe hayaguswi. Na Neolamprologus brichardi, wenye mapezi yaliyochongoka kama nyuzi na tabia ya kulea kwa ukoo, ambapo watoto wakubwa huwasaidia wazazi kulinda wadogo zao, watakupendeza mwaka wa kwanza. Kadiri ukoo unavyokua ndivyo wanavyowasukuma samaki wengine wote kwenye kona moja. Suluhisho ni tangi lao peke yao. Hakuna mpangilio wa mawe unaoweza kushindana na ukoo mzima.

Tuje kwa woga, ambao nauona umepuuzwa zaidi. Mkali anaonekana na kila mtu anamjadili. Mwoga hufa kimya kwa njaa.

Altolamprologus calvus ni mfano mzuri. Mwili wake ni mwembamba ubavuni kama uliobanwa kati ya mbao mbili, umbo lililokusudiwa kupenya nyufa, na mwendo wake ni wa taratibu. Ukimchanganya na mbuna, chakula kinapoanguka wao wamekimaliza kabla hajatoa kichwa. Hajapigwa na mtu, na bado anadhoofika. Samaki wa aina hii alishwe wakati taa imefifia, chakula kizamacho kiangushwe karibu na mlango wake, na kwa wakati uleule wenye pupa wapewe chao mwisho mwingine wa tangi. Ni kazi ya dakika mbili kwa siku. Au achaguliwe majirani wa mwendo wake.

Cyphotilapia frontosa, yule mwenye nundu kichwani, naye huitwa mwoga na watu waliomwekea taa kali. Anaishi kwenye kina cha makumi ya mita, ambako mwanga ni hafifu na wa buluu, na hutembea na kundi lake polepole. Anafika sentimita 30 na zaidi. Wa upande wa Kigoma wanajulikana kwa mistari saba mwilini badala ya sita. Mpe tangi refu, kundi la wenzake sita au zaidi, taa iliyofifishwa, ukuta wa nyuma wenye rangi nyeusi, na atakuja kula karibu na mkono wako. Upole huo lakini usikudanganye. Ziwani frontosa huwinda alfajiri samaki wadogo ambao bado wamelala, na tangini atafanya vilevile kwa chochote kinachoenea mdomoni.

Watu wengi wakiona samaki wanajificha huamua kupunguza maficho ili wawaone. Matokeo ni kinyume kabisa. Mtoto anayejua mlango wa nyumbani uko wazi hucheza mbali zaidi ya yule aliyefungiwa nje, na samaki mwenye tundu la karibu la kukimbilia hutoka, huogelea mbele na hukaa huko. Mnyime tundu naye atabana kwenye kona ya nyuma siku nzima. Kila nikiona tangi tupu lenye kokoto za rangi na mashua moja ya plastiki, najua samaki wake hawana raha hata kama maji yanameremeta.

Njia nyingine ina jina la mtu. George Barlow wa Chuo Kikuu cha California, aliyetumia maisha yake kuchunguza siklidi, alieleza mwaka 1968 kwamba siklidi wake waoga walitulia alipowawekea samaki wadogo wachangamfu wanaoogelea juu. Samaki hutazama samaki wenzao ili kujua kama kuna hatari. Wale wa juu wakiendelea na shughuli zao bila wasiwasi, wa chini anaamini kwamba hakuna adui na anatoka. Katika maji magumu ya siklidi wetu, kazi hiyo hufanywa vizuri na samaki mkia-upanga au danio wa milia waliokwisha kukua, na wote hawana bei kubwa. Iwe kundi, na wasiwe wadogo wa kumezwa.

Woga pia huambukizwa kwa kemikali. Karl von Frisch, aliyekuwa mmoja wa watatu waliopewa Nobel ile ya 1973, aligundua katika miaka ya 1930 kwamba samaki mmoja mdogo wa mtoni alipojeruhiwa, kundi lake lote lilitawanyika na kujificha. Ngozi iliyochanika ilikuwa imetoa kitu majini kilichowaonya. Samaki wengi wa jamii hiyo na ndugu zao tetra wana mfumo huo. Kwa hiyo tetra walioshikwa kwa wavu mbaya na mmoja akachubuka, watajificha wote, na ukiendelea kuwafukuza na wavu ili uone wana nini unawaongezea hofu. Waache. Zima taa, badilisha sehemu ya maji, na usiwasumbue hadi kesho. Tetra neoni wakiwa watatu watakuwa waoga milele kwa vile kundi kwao ndiyo nyumba. Wakiwa kumi na zaidi utaona samaki wengine kabisa.

Na hapa nyumbani kwetu kuna mambo madogo ambayo ni rahisi kuyasahau. Tangi likiwekwa mkabala na mlango wa sebule, kila anayeingia ni kivuli cha ndege mla samaki. Likikaa karibu na spika za redio, mtikisiko unapita kwenye kioo. Watoto wa jirani wanaogonga kioo ili samaki waondoke mafichoni waelekezwe kwa upole, waambiwe wakae chini watulie dakika tano, na wataona wenyewe kinachotoka. Funika nyuma na pembeni kwa karatasi nyeusi: samaki mwoga anapata ukuta, na samaki mkali hapati tena kivuli chake mwenyewe cha kupigana nacho kwenye kioo.

Kuna samaki mmoja ambaye hakuna mpangilio utakaomfundisha kuishi na ndugu yake: dume wa Betta splendens, samaki mpiganaji wa Thailand, aliyechaguliwa na kuzalishwa kwa karne nyingi ili apigane. Madume wawili hawakai pamoja, hiyo ni sheria. Lakini kumtenga hakuna maana ya kumtia kwenye chupa ya jamu juu ya kaunta akitazamana na mwenzake siku nzima. Samaki huyo hupanua matamvua na mapezi hadi anachoka, na wateja wanapiga picha. Ni ukatili, na wauzaji wauache. Karatasi iliyokatwa na kusimamishwa kati ya chupa inatosha kuanza nayo.

Yote yakishindikana, mtoe samaki. Wa kuondolewa haraka ni yule ambaye mapezi yamebaki vijiti, anayepumua kwa kasi karibu na uso wa maji, au ambaye siku mbili mfululizo hakula. Mweke kwenye ndoo safi yenye maji ya tangi lake, pampu ya hewa na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Mbabe naye anaweza kutengwa kwa wiki moja hivi na kurudishwa mawe yakiwa yamehamishwa, aingie kama mgeni. Wakati mwingine hilo humtuliza, wakati mwingine halimtulizi, na hapo atafutiwe mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi. Asitupwe mtoni, bwawani wala ziwani. Sangara walioingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 walishiriki kuwamaliza furu wa aina nyingi ambazo hazitarudi tena, na samaki wa Nyasa akimwagwa Tanganyika, au wa Amazon kwenye bwawa la Morogoro, hakuna wavu utakaomfuata.

Kwa anayeanza, mwenye nafasi ndogo na mfuko wa kawaida, ninayempendekezea ni Neolamprologus multifasciatus. Dume hazidi sana sentimita 4, jike ni mdogo zaidi, na wote huishi ndani ya makombe matupu ya konokono wa Tanganyika yaliyolundikana chini ya ziwa. Tangi la sentimita 60 lenye lita 54 linatosha kundi zima. Mwaga mchanga laini wa sentimita tano, weka makombe mengi ya konokono ya ukubwa wa ndimu, walau matatu kwa kila samaki, kisha waache wayapange wenyewe. Watachimba, watafukia, watahamisha mchanga kwa mdomo usiku na mchana, na kila jike atakuwa na kombe lake ambalo mwenzake haligusi. Humo utaona kila kitu nilichokieleza: mpaka, mbabe, mnyonge na kimbilio, katika eneo la ukubwa wa trei ya chai, na mara chache sana utaona maiti. Weka mkono kusafisha kioo na samaki wa sentimita tatu atatoka kukugonga kidole. Chakula kiwe cha chembe ndogo, mara mbili kwa siku, kidogo kidogo. Watazaliana bila msaada wako, watoto watakaa karibu na wazazi, na tangi litakapojaa chota wachache wa rika mbalimbali pamoja na makombe yao, uwahamishe wakiwa kundi kwa rafiki mwenye tangi tayari.